Nimeseti kamera fremu 25 kwa sekunde, mbona rekodi za usiku zinaruka?

#1 LangoKuu
Wakuu habari. Nina kamera 8 za megapikseli 8, zote za PoE (umeme na data kwa waya mmoja wa mtandao), zimechomekwa moja kwa moja nyuma ya NVR, ile mashine ya kurekodi. Nimeziseti zote sawasawa: strimu kuu (ile yenye picha kamili) fremu 25 kwa sekunde, mbano wa video H.265, bitreti (data kwa sekunde) 8 Mbps, fremu kamili moja kila baada ya fremu 50. Mchana sina shida. Usiku, hasa kamera 3 inayotazama lango, rekodi inaruka. Juzi lori limeingia. Kizuizi kinaanza kunyanyuka, saa ya kwenye picha inasoma 02:14:37, picha inaganda. Ikija kuamka inasoma 02:14:40 na lori liko katikati ya ua. Sekunde tatu hazipo. Namba ya gari sikuiona, na kuna mtu alishuka upande wa kushoto ambaye nimemwona mgongo tu.

Kinachonichanganya ni kwamba nikiitazama laivu iko laini kabisa. Nimeingia kwenye menyu zaidi ya mara kumi, imeandikwa 25. Hizo 25 zinapotelea wapi?

#2 FundiWaya
Waya. Kagua waya wa kamera 3 kabla hujagusa menyu.

#3 ShataWazi
FundiWaya kila uzi jibu lake ni waya, hata mtu akiuliza skrini ya inchi ngapi inafaa.

Mkuu LangoKuu, mimi naona shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu. Usiku kamera ikikosa mwanga hufungua shata kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga wa kutosha. Kama kila fremu inakula 1/12 ya sekunde, basi ndani ya sekunde moja haziwezi kutoka zaidi ya 12, hata useti 25, hata useti 60. Menyu itaendelea kuonyesha 25 kwa sababu hiyo ndiyo uliyoomba. Unayoipata ni habari nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya mwanga, ondoa shata ya otomatiki, weka kikomo cha 1/25, kisha uangalie tena usiku.

#4 MzeeAnalogi
Swali kabla ya yote: hiyo laivu unayoiona laini ni strimu gani?

NVR nyingi ukiwa na kamera nane kwenye skrini moja zinakuonyesha strimu ndogo. Simu nayo hivyo hivyo, inavuta strimu ndogo. Strimu ndogo ni nyepesi, huwa laini hata pale kuu inapochechemea. Kwa hiyo unalinganisha vitu viwili tofauti na kuviita kamera moja. Bofya mara mbili kamera 3 ijae skrini nzima, hakikisha imehamia strimu kuu, halafu utuambie kama bado ni laini.

#5 Nusu_Pikseli
Mzee umegusa kidonda changu. Mimi nilikaa miezi mitatu nikiamini ninarekodi 4K, kumbe ratiba ya kurekodi ilikuwa imeelekezwa kwenye strimu ndogo ya 640×360. Nilikuja kugundua siku niliyohitaji sura ya mtu. Kamera ilikuwa inafunika upana wa mita 16. Pikseli 640 gawanya kwa 16 unapata 40 kwa mita. Uso wa mtu una upana wa kama sentimita 16, kwa hiyo uso mzima ulikuwa na pikseli 6. Nikakuza picha nikaona vijiwe sita vya rangi ya udongo, na hao ndio waliokuwa mtuhumiwa wangu.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4, toleo la 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili kumtambua mtu usiyemjua. Strimu kuu ya 3840 kwenye upana uleule ingenipa 240. Kamera ile ile, lenzi ile ile, kosa moja la menyu. Kagueni ratiba zenu leo, msingoje siku ya tukio.

#6 Hesabu_Ndogo
Naomba tutenganishe mambo mawili: rekodi inaruka, au uchezaji ndio unaoruka?

Kurekodi ni kazi nyepesi kwa NVR, inachukua data na kuiandika kwenye diski bila hata kuifungua. Kucheza ndiko kuzito, maana lazima ifungue kila fremu. NVR ndogo nyingi zinarekodi kamera nane za megapikseli 8 bila wasiwasi, lakini haziwezi kuzifungua zote nane kwa wakati mmoja zikiwa kamili. Ukizicheza pamoja inaanza kuruka fremu ili isichelewe, na wewe unadhani fremu hazikurekodiwa.

Toa kipande cha dakika moja cha kamera 3 kwenye flashi, kifungue kwenye kompyuta. Kisha hesabu fremu zake kwa programu ya ffprobe:

ffprobe -v error -count_frames -select_streams v:0 -show_entries stream=nb_read_frames kipande.mp4

Dakika moja ya fremu 25 lazima ikupe 1,500 au karibu na hapo. Fanya hivyo mchana na usiku. Bila hiyo namba hapa tutabaki kupiga ramli.

#7 LangoKuu
Shukrani wakuu. Nimejaza skrini kama mzee alivyosema, mchana bado ni laini. Usiku sijajaribu. Ratiba inarekodi strimu kuu, nimehakikisha. Leo nitatoa vipande.

#8 BiKaunta
Mimi nasoma huu uzi kwa uchungu. Kaunta yangu ilikuwa na kamera iliyosetiwa fremu 6 kwa sekunde kwa sababu aliyeifunga alisema inaokoa diski. Pesa ikawa inapungua kidogo kidogo. Nikaketi kutazama rekodi fremu kwa fremu. Fremu ya kwanza, mkono uko juu ya droo na noti zinaonekana. Ya pili, mkono uko karibu na mfuko wa aproni, noti hazionekani. Ya tatu, mkono uko juu ya kaunta, mtupu. Noti ziliingia mfukoni au zilirudi kwenye droo? Kati ya fremu na fremu kuna sehemu moja ya sita ya sekunde, na mkono wa mtu aliyezoea kuhesabu pesa unamaliza kila kitu humo. Sikuweza kumshtaki mtu na sikuweza kumsafisha mtu. Waliokuwa zamu wote walibaki wanatazamana vibaya.

Sasa naseti 25 kaunta, na 10 kwenye korido. Anayesema fremu hazina maana hajawahi kutazama mkono.

#9 Mwangaza
Pole dada. Lakini kwa ujumla macho ya binadamu hayaoni zaidi ya fremu 24, ndiyo maana sinema ni 24. Zaidi ya hapo ni kujaza diski tu.

#10 ShataWazi
Hapana mkuu #9, hilo tulisahihishe. Sinema ilikaa kwenye 24 kwa sababu ilitosha kuonekana kama mwendo na filamu ilikuwa ghali. Haihusiani na kikomo cha macho. Weka skrini ya 30 na ya 60 pembeni kwa pembeni, sogeza kishale cha mausi, tofauti utaiona mwenyewe.

Tena ulinzi si sinema. Sinema unaitazama ikitembea, na ule ukungu kidogo wa mwendo unaifanya ipendeze. Rekodi ya ulinzi unaisimamisha. Unachohitaji ni fremu MOJA iliyo safi, na usafi wa fremu unatokana na shata, hautokani na idadi ya fremu. Gari linalokwenda kilomita 20 kwa saa linasogea mita 5.6 kwa sekunde. Shata ikiwa 1/12, ndani ya fremu moja gari limesogea sentimita 46, yaani namba yake imekuwa mstari mweupe. Kwa 1/25 ni sentimita 22, bado haisomeki. Kwa 1/500 ni sentimita moja na kidogo. Ukiweka fremu 60 kwa shata ya 1/60 utapata fremu sitini zenye ukungu.

#11 BiKaunta
Nakubali la shata kwa gari. Kwa mkono wangu wa droo shata isingesaidia, kila fremu ilikuwa safi kabisa. Kilichokosekana ni fremu za katikati.

#12 ShataWazi
Hapo umenikamata, ni kweli. Vitu viwili tofauti.

#13 Okoa_Diski
Mimi nasimama na waliokuwekea 6, ingawa kaunta si mahali pake. Watu mnaseti 25 kila mahali hata kwenye korido isiyopitwa na paka. LangoKuu ana 8 Mbps mara kamera 8, hiyo ni 64 Mbps, karibu GB 691 kwa siku. Diski ya TB 6 inajaa ndani ya siku tisa hazijafika. Tukio likigunduliwa siku ya kumi, hiyo 25 yako imeshafutwa na kuandikwa juu. Punguza fremu nusu, diski inadumu mara mbili.

#14 Hesabu_Ndogo
Hesabu ya GB iko sawa. Ya mwisho siyo. Inategemea umeseti CBR (bitreti isiyobadilika) au VBR (bitreti inayopanda na kushuka). Kwenye CBR ya 8 Mbps, kamera itatumia 8 Mbps iwe ni fremu 25 au 12. Kinachobadilika ni kwamba kila fremu inapata biti nyingi zaidi. Diski haitabaki na nafasi hata gigabaiti moja zaidi. Unapata picha safi zaidi, basi.

Kwenye VBR kweli inapungua, lakini haifiki nusu. Fremu kamili ndizo nzito, na zile za katikati zinabeba mabadiliko tu. Ukiziachanisha fremu, mabadiliko kati ya moja na nyingine yanakuwa makubwa, kwa hiyo nazo zinanenepa.

#15 Okoa_Diski
Sawa, nimesoma. Kumbe ndiyo maana NVR yangu haikubadilika siku zile nilizotegemea. Nilikuwa CBR na sikujua.

#16 Kidato
Naomba kuuliza bila kuchekwa, hiyo fremu kamili ni nini?

#17 MzeeAnalogi
Hakuna wa kukucheka. Kamera haitumi picha nzima kila mara, ingekuwa mzigo mkubwa. Inatuma picha nzima moja, hiyo ndiyo fremu kamili au fremu ya I. Zinazofuata zinasema tu "hapa kimesogea hiki, hapa pamebadilika hivi". Baada ya muda inatuma nzima tena. LangoKuu ameseti 50 kwa fremu 25, maana yake nzima inakuja kila sekunde 2.

Sasa sikiliza ubaya wake. Kipande cha katikati kikipotea njiani, zinazofuata zote zinaelezea mabadiliko ya kitu ambacho kisomaji hakina. Ama unaona picha imechuruzika kama rangi iliyomwagiwa maji, ama kisomaji kinagoma na kusubiri nzima inayofuata. Na wewe unaona picha imeganda kisha imeruka.

Wengi wanakosea hapa: wanapunguza fremu kutoka 25 hadi 12 wanaiacha ile 50. Sasa nzima inakuja kila baada ya sekunde 4 na ushei, na shimo la kuruka limekuwa refu maradufu. Ukigusa moja gusa na ya pili. Kuna kamera zinazoandika hiyo nafasi kwa sekunde badala ya fremu, kwa hiyo soma vizuri kabla ya kuandika.

#18 LangoKuu
Matokeo. Kamera 3, dakika moja, saa nane mchana: fremu 1,499. Saa nane usiku: 741. Na kwenye kompyuta inaruka vilevile, kwa hiyo Hesabu_Ndogo, si uchezaji tu.

#19 ShataWazi
741 gawanya kwa 60 ni 12.35. Shata ya 1/12 ingetoa kiasi hicho hicho. Nimemaliza.

#20 KodekiJanja
Hujamaliza mkuu. Kuna maelezo mengine yanayotoa namba hiyo hiyo. Kamera nyingi za sasa zina hali ya kodeki janja (kodeki ndiyo inayobana video), ile ya kubana zaidi, na baadhi zinapunguza fremu zenyewe pale ambapo hakuna kinachosogea. Usiku lango limelala, kamera inashuka. Kitu kikitokea inapaswa kupanda mara moja, lakini nyingine zinachelewa kushtuka. Hali hizohizo hurefusha pia umbali wa fremu kamili bila kukuuliza. Umeandika 50, yenyewe inaenda mbali zaidi kwa sababu ukuta haujabadilika. Zima kabisa hiyo hali kwenye kamera 3 kwa usiku mmoja uhesabu tena.

#21 FundiWaya
Shata inaweza kuleta fremu 12. Shata haiwezi kufuta sekunde tatu. Saa imetoka :37 ikaja :40. Shata ya polepole ingempa picha yenye ukungu inayokwenda kwa kusuasua, lakini :38 na :39 angeziona.

Waya una urefu gani?

#22 LangoKuu
Dah, hilo la saa sikuliwaza. Waya wa kamera 3 ndio mrefu kuliko zote. Sikuupima, ila roli ilikuwa ya mita 305 na nilitoa kama theluthi yake.

#23 FundiWaya
Theluthi ya 305 ni mita 101 na ushei. Kikomo cha Etheneti ya shaba ni mita 100, pamoja na vipande vya mwanzo na mwisho. Na usiku kuna kitu kinawaka ambacho mchana hakiwaki: taa za infraredi. Kamera inavuta umeme zaidi kupitia waya huohuo. PoE ya kawaida ya 802.3af inatoa wati 15.4 kwenye poti, na inahesabu kwamba kamera itapata 12.95, zingine zinapotelea njiani. Hiyo ni kwa shaba halisi. Kata kipande kidogo cha mwisho, kwangua unyuzi kwa wembe. Ukiona mng'ao wa fedha chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na umeme unaopotea ni mwingi zaidi.

Niliwahi kuhangaika na kamera ya mnara wiki mbili. Kila jua likizama, ndani ya nusu saa inaanza kuganda. Nilibadilisha fimuweya (programu ya ndani ya kamera), nikabadilisha kamera yenyewe. Siku nilipoziba kisensa cha mwanga kwa gundi ya karatasi saa sita mchana, infraredi ikawaka, ikaganda papo hapo kukiwa na jua kali. Nikavuta waya mpya na kamera haikuganda tena. Jaribu gundi hiyo, haichukui dakika tano.

#24 Mwangaza
Hiyo ya gundi nimeipenda.

#25 Kidato
Nami nimeiandika kwenye daftari.

#26 RTSP554
Ongezeni na njia ya usafirishaji. Strimu ya RTSP (njia ambayo kamera hutumia kutuma video) inaweza kubebwa kwa UDP au TCP. UDP pakiti ikipotea imepotea, unapata ule mchuruziko au kuganda aliosema mzee #17. TCP inarudisha pakiti iliyopotea, kwa hiyo haichuruziki, lakini inaweza kusimama ikisubiri, na bafa (hifadhi ya muda) ikijaa kamera inatupa fremu zilizochelewa. Kwa hiyo namna inavyoharibika inakupa dokezo. LangoKuu, kabla ya kuganda picha inachuruzika au inasimama safi?

#27 LangoKuu
Inasimama safi. Kizuizi kiko nusu angani, kila kitu kimenyooka kama picha ya ukutani, kisha tuko :40.

#28 RTSP554
Basi mimi naelemea TCP au NVR yenyewe kutupa. Ila NVR nyingine hazikuonyeshi fremu zilizovunjika hata kwenye UDP, zinaficha hadi nzima ije. Kwa hiyo siapi.

#29 Nusu_Pikseli
Mbona hakuna aliyeuliza uwezo wa NVR? Kila NVR ina kikomo cha data inayoingia kwa jumla, kimeandikwa kwenye karatasi ya vipimo, mathalani 80 Mbps. Kamera 8 kwa 8 Mbps ni 64, unaona umebaki na nafasi. Lakini hizo 8 Mbps ni za strimu kuu peke yake. Ongeza strimu ndogo nane, ongeza simu tatu zinazotazama kwa mbali. Na kama ni VBR, usiku chengachenga za giza zinapandisha bitreti, maana kodeki inaona kila chenga kama kitu kinachosogea. Picha tulivu ya mchana inatumia 3 Mbps, usiku ukuta huohuo usio na mtu unagonga 8. Kamera zote nane zinagonga dari saa hiyohiyo.

#30 Okoa_Diski
Na buibui. Buibui akitanda utando mbele ya lenzi usiku, infraredi inamulika utando, upepo ukivuma picha nzima inatembea. Bitreti inapaa hadi asubuhi na arifa za mwendo hazikatiki. Futeni lenzi wakuu.

#31 Mbali_Sana
Samahani naingilia kati. Mimi nipo mbali na nyumba, natazama kwa simu, kila nikifungua inazunguka tu. Mtandao wa simu ni mzuri, video zingine zinacheza.

#32 MzeeAnalogi
Kinachokubana si kasi ya kushusha ya simu yako, ni kasi ya kupandisha ya kule kamera ziliko. Nyumbani watu wengi wana upandishaji mdogo kuliko ushushaji. Seti strimu ndogo kwa ajili hiyo: 640×360, fremu 10 au 12, 512 kbps, na fremu kamili kila sekunde moja au mbili ili isichelewe kufunguka, maana simu haiwezi kuanza kuonyesha mpaka nzima ifike. Iache H.264, si kila kivinjari na kila simu ya zamani inafungua H.265. Strimu kuu iache irekodi ndani, usiivute kwa simu labda unataka kuona sura.

#33 Mbali_Sana
Imefunguka! Ilikuwa na fremu kamili kila baada ya 100 kwa fremu 10, yaani nilikuwa nasubiri hadi sekunde 10. Asante mzee.

#34 Mwangaza
Kuna aliyenishauri kuseti 60 Hz badala ya 50 ili nipate fremu 30. Imekubali, ila sasa kuna mistari myeusi inapanda polepole kwenye picha. Kamera imekufa?

#35 ShataWazi
Haijafa, irudishe. Kama umeme wako ni wa 50 Hz, taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiseti 60 shata inahesabu kwa 1/60 au 1/120, haiendi sambamba na mapigo ya taa, kila sehemu ya picha inapata kiasi tofauti cha mwanga. Ndiyo mistari hiyo. Kwenye 50 Hz chukua 25 na shata ya 1/50 au 1/100. Hizo fremu tano za ziada hazistahili picha yenye mistari.

#36 MzeeAnalogi
Vijana mnagombania fremu tano. Kamera ya kwanza ya mtandao iliyouzwa, Axis Neteye ya mwaka 1996, ilitoa fremu moja kwa sekunde kwa picha ndogo. Picha kubwa ilichukua sekunde 17 kwa fremu moja. Na kabla yake, mwaka 1991, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walielekeza kamera kwenye birika la kahawa ili wasipande ngazi kulikuta tupu. Picha ya pikseli 128 kwa 128, bila rangi. Ilitumika hadi mwaka 2001.

#37 BiKaunta
Mzee, kwa sekunde 17 droo yangu ingebebwa nzima.

#38 LangoKuu
Nimerudi na majibu ya usiku mbili.

Usiku wa kwanza: nimefunga shata isipite 1/25 na nimezima hali janja, vyote kwa pamoja. Hesabu ya dakika moja: 1,388. Picha imekuwa ya giza na chengachenga, lakini mtu anayetembea haachi mkia tena. Mruko mrefu upo. Saa 03:02 sekunde mbili hazipo.

Usiku wa pili: nimeshusha kamera zote hadi 5 Mbps na fremu 15, fremu kamili kila 15. Miruko imepungua, nimehesabu minne usiku mzima badala ya ishirini na kitu. Haijaisha.

Gundi ya FundiWaya: mchana saa sita, infraredi imewaka, nimesubiri dakika ishirini. Imeganda mara moja.

#39 KodekiJanja
Umezima viwili kwa mpigo mkuu, sasa hatujui ni shata au ni kodeki iliyorudisha fremu. Rudisha kimoja.

#40 FundiWaya
Mara moja mchana kwenye jua, kamera ambayo haijawahi kuganda mchana. Sisemi zaidi. Badilisha waya.

#41 Nusu_Pikseli
Na kushusha bitreti kumepunguza miruko kutoka ishirini hadi minne kwa waya uleule. Mbona waya haukujali?

#42 FundiWaya
Kwa sababu waya mbovu ukipewa mzigo mdogo unaharibu pakiti chache. Ingia kwenye ukurasa wa poti wa NVR uangalie kamera 3 imeunganishwa kwa 100 Mbps au imeshuka hadi 10. Ikiwa ni 10, halafu unapitisha 8 pamoja na strimu ndogo, umepata jibu.

#43 LangoKuu
Imeandikwa 100. Nimetazama mara tatu usiku, 100 zote tatu.

#44 RTSP554
Basi iunganishe kompyuta kwenye mtandao uleule, fungua strimu kuu ya kamera 3 kwa programu ya VLC kupitia TCP, rekodi usiku mzima sambamba na NVR. Asubuhi linganisha sekunde zile zile. Shimo likiwa kwenye zote mbili, tatizo ni kamera au waya. Likiwa kwa NVR peke yake, tumwache FundiWaya apumzike.

#45 FundiWaya
Nitapumzika nikiona hiyo rekodi.

#46 LangoKuu
Kompyuta imeshaanza kurekodi tangu saa moja jioni hii. Wakati nasubiri nimehesabu na kamera zingine, kitu ambacho ningefanya mwanzo. Mpangilio ni uleule mpya, fremu 15, kwa hiyo dakika inatakiwa kuwa 900. Kamera 1, 2, 4, 5, 6 na 8 zote ziko 897 hadi 900, mchana na usiku. Kamera 7 inatoa 900 saa tatu usiku, na saa nane usiku inatoa 672, ikiwa na mruko wa sekunde mbili. Shata yake nayo nimeifunga 1/25. Hali janja kwake imezimwa tangu siku ya kwanza.

Kebo yake ina mita 12. Hii nimeipima kwa futi.